Mtawa akiuawa vitani, ni mfiadini au ni risasi tu iliyompata?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katekista hapa Kigoma, na mama yangu ni mzaliwa wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1996 mjomba wangu, mtawa wa Mtakatifu Fransisko, aliuawa na watu wenye silaha upande wa Kivu, Kongo. Mama ametunza mkanda wake wa kamba wenye mafundo matatu, ameufunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo. Juzi kwenye jumuiya tulisimuliwa habari za Mwenyeheri Padri Cosma Spessotto, Mfransisko kutoka Italia aliyeuawa El Salvador, Amerika ya Kati, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nikasema basi na mjomba wetu ni mfiadini, tumwombe, na picha yake tuiweke kanisani. Kaka yangu akanikatiza mbele ya watu. Kwake vita ni siasa na risasi haina dini, na hata huyo Mwitaliano aliponzwa na kujiingiza kwenye mambo ya watu. Mama akaondoka analia. Naomba unieleze huyo padri alikuwa nani hasa, Kanisa linapimaje kifo cha namna hiyo, na sisi tufanye nini."

Marahaba, dada yangu. Kabla ya yote, mpe mama pole yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona yamo mawili. Moja ni la kwako na kaka yako: Kanisa linamwita nani mfiadini, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani? Jingine ni la mama, naye hakulisema kwa maneno: je, ndugu yangu alikufa bure? Nitaanza na Padri Cosma, kwa sababu ukiyafahamu maisha yake utaona kwamba mengi mliyobishania yalikwisha kujadiliwa juu yake.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1923 huko Mansuè, mkoa wa Treviso, kaskazini-mashariki mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima. Jina lake la ubatizo ni Sante. Cosma ni jina la utawani. Alipewa upadri tarehe 27 Juni 1948, na miaka miwili baadaye akavuka bahari kwenda El Salvador, nchi ndogo kuliko hata Rwanda. Mwaka 1953 alikabidhiwa parokia ya San Juan Nonualco katika mkoa wa La Paz. Hapo akajenga kanisa, akabatiza, akafungisha ndoa, akazika. Alikaa miaka 27, yaani watoto aliowabatiza alipofika walikwisha kuzaa wa kwao, naye akawabatiza hao pia. Habari za wafiadini zikisimuliwa, miaka hii ya kawaida hurukwa ili watu wafike upesi kwenye damu. Mimi naona ndiyo yenye uzito kuliko yote, na nitakwambia kwa nini.

Tunatumia neno moja, mtawa, kwa watu wa namna mbalimbali. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda wamefungamana na abasia yao. Humo wanasali na kufanya kazi. Wafransisko walianzishwa kwa njia nyingine: waende walipo watu, wakae katikati yao, waishi kifukara kama wao. Ndiyo maana wanaitwa Ndugu Wadogo. Awe bruda, awe padri, cheo chake cha kwanza ni ndugu. Na ule mkanda wa kamba alio nao mama, mafundo yake matatu ni nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Sasa basi, mtu aliyeweka nadhiri ya kuwa ndugu wa maskini akikaa na maskini wakati wanapigwa, akawazika wanapouawa, huwezi kusema amejiingiza kwenye mambo ya watu. Kaka yako anaweza kusema hivyo juu ya mtu aliyefika jana. Juu ya aliyekaa miaka 27, wale walikuwa watu wake.

Nchi ile iliwaka moto kwa sababu tunazozijua hata sisi. Ardhi nzuri, hasa ya kahawa, ilikuwa mikononi mwa familia chache, na wakulima walifanya vibarua kwenye mashamba ambayo babu zao waliyaita yao. Eneo la Nonualco lenyewe lina kumbukumbu ndefu ya jambo hilo: mwaka 1833 Anastasio Aquino, mzaliwa wa Santiago Nonualco, aliwaongoza wazawa kuasi. Miaka ya 1970 wakulima walipoanza kujiunga pamoja na kudai haki, mapadri na makatekista waliowafundisha kusoma Injili waligeuka kuwa maadui. Mwaka 1977 vilisambazwa vipeperushi vyenye maneno "Jenga taifa, ua padri". Vikafuata vifo. Padri Rutilio Grande, Mjesuiti, aliuawa tarehe 12 Machi 1977 akiwa njiani kwenda kuadhimisha Misa, pamoja na mzee Manuel Solórzano na kijana Nelson Rutilio Lemus. Wengine wakafuata mwaka baada ya mwaka, na tarehe 24 Machi 1980 Askofu Mkuu Óscar Romero akapigwa risasi altareni.

Wakati huo Padri Cosma alikuwa na miaka 57. Alikuwa anawazika waliouawa, anafariji familia zao, na anakemea ukatili bila kuangalia umetoka upande gani. Vitisho vikamfikia. Muda mfupi kabla ya kifo chake alilazwa hospitali, akaambiwa ana saratani ya damu. Mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kurudi kwao Treviso akafie mikononi mwa ndugu zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakurudi. Katika maandishi aliyoyaacha anasema anahisi wakati wowote watu waliotekwa na ushabiki wanaweza kumtoa uhai. Anamwomba Mungu nguvu. Anasema kufa mfiadini ni neema asiyoistahili. Kisha anawasamehe watakaomwua kabla hawajamwua, na kuwaombea waongoke.

Jumamosi jioni, tarehe 14 Juni 1980, alikuwa kanisani kwake anasali kabla ya Misa. Watu wenye silaha wakaingia, wakammiminia risasi. Amezikwa mlemle ndani ya kanisa alilolijenga.

Sasa tuje kwenye kipimo. Tangu zamani Kanisa linatazama mambo matatu, na Prospero Lambertini, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XIV katika karne ya 18, ndiye aliyeyapanga vizuri zaidi. La kwanza ni kifo chenyewe: je, kweli mtu huyu aliuawa, au aliteswa mpaka akafa kwa mateso hayo? La pili ni nia ya muuaji: je, alisukumwa na chuki dhidi ya imani, au dhidi ya jambo ambalo imani inamdai mtu alitende? La tatu ni nia ya aliyeuawa: je, alijua hatari iliyopo, akaikubali kwa ajili ya Kristo bila kuitafuta na bila kulipiza? Yote matatu yathibitishwe. Likikosekana moja, mtu anaweza kuwa mwema kabisa, hata akawa yuko mbinguni, lakini Kanisa halitamtangaza mfiadini.

Ndiyo maana kaka yako hajakosea kote, na nakuomba umwambie hivyo. Vita huua watu ovyo. Padri akifa kwa bomu lililoangushwa sokoni, au akauawa na wezi waliotaka gari, au akapigwa risasi ameshika bunduki, huo si ufiadini. Hispania ndiko jambo hili lilikopimwa kwa wingi kuliko kokote. Vita vya huko vya 1936 hadi 1939 viliua watumishi wa Kanisa 6,832 kwa hesabu inayokubalika na wengi, wakiwemo watawa wa kiume 2,365. Mia nyingi wametangazwa wenyeheri, hatua ya kabla ya kuwa Mtakatifu. Siku moja tu, tarehe 13 Oktoba 2013 huko Tarragona, walitangazwa 522. Kila jina lilichunguzwa kivyake. Hata hivyo Wahispania wengi bado wana uchungu, kwa kuwa upande wa Jenerali Franco, ulioshinda vita hivyo, nao uliua, hata mapadri kadhaa wa Kibasque, na hao hawamo katika orodha hizo. Nakwambia haya ili usidhani jambo ni jepesi. Mfiadini aliyeuawa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe anazikwa kwenye ardhi ambayo majirani bado wanatazamana vibaya.

Alipokosea kaka yako ni kudhani kwamba palipo na siasa, imani haipo. Mfikirieni Yohane Mbatizaji. Herode hakumwuliza kama anamwamini Mungu. Alikatwa kichwa kwa sababu alimwambia mtawala kwamba si halali kumchukua mke wa ndugu yake. Hilo ni jambo la ikulu kabisa, na bado Kanisa zima linamheshimu kama mfiadini. Mtakatifu Thoma wa Akwino alimtumia Yohane huyuhuyu kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mfiadini kwa tendo lolote jema analolitenda kwa ajili ya Mungu, si kwa kukiri kanuni ya imani peke yake.

Kuna dhana nyingine inayosumbua wengi, kwamba muuaji lazima awe mpagani au wa dini nyingine. El Salvador wauaji na waliouawa walibatizwa katika visima vilevile. Kwa miaka mingi kesi ya kumtangaza Askofu Mkuu Romero kuwa Mwenyeheri ilikwama pia kwa hoja hiyo, mpaka tarehe 3 Februari 2015 Papa Fransisko alipokubali kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Mtu aliyebatizwa anaweza kuichukia Injili pale inapogusa shamba lake.

Utaniuliza: nia ya muuaji itajulikanaje, na waliomwua Padri Cosma hawakufikishwa mahakamani? Swali zuri. Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa, iliyochunguza ukatili wa vita hivyo, ilitoa ripoti yake Machi 1993. Siku chache tu baadaye bunge likapitisha sheria ya msamaha kwa waliohusika, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 2016. Kwa hiyo Kanisa halikusubiri hukumu ya mahakama. Lilitazama mazingira: vitisho alivyopewa, vipeperushi vilivyosambazwa, mapadri waliotangulia kuuawa, mahali alipopigwa na alichokuwa anakifanya. Likawasikiliza walioishi naye. Hapo ndipo ile miaka 27 inapopata uzito wake. Risasi haisemi kwa nini ilipigwa. Anayeweza kusema ni mtu aliyemjua marehemu akitembea mitaani kwa miguu, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 26 Mei 2020 Papa akaidhinisha hati ya ufiadini wake. Tarehe 22 Januari 2022 jijini San Salvador, Padri Cosma alitangazwa Mwenyeheri pamoja na Padri Rutilio, Mzee Manuel na kijana Nelson. Muujiza haukuhitajika, kwa mfiadini hauhitajiki katika hatua ya kuwa Mwenyeheri, bali hudaiwa anapotangazwa Mtakatifu.

Lakini dada yangu, mama ni wa Fizi! Hamkuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waasi wa mashariki mwa Kongo, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa katika mji wa Baraka, na siku hiyohiyo Padri Giovanni Didoné na Abbé (padri wa jimbo) Albert Joubert wakauawa Fizi. Watatu wa kwanza walikuwa Waksaveri, wamisionari wa shirika lenye jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, kutoka Italia. Abbé Joubert alikuwa mzaliwa wa Kongo: baba yake Mfaransa, Kapteni Joubert, na mama yake Mkongo. Bruda Faccin alipigwa risasi kwanza. Padri Carrara aliamriwa apande gari, akakataa, akachagua kufa pale pale kando ya ndugu yake. Ilichukua miaka 60 kasoro kidogo. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne wakatangazwa wenyeheri Uvira. Muulize mama. Huenda wazee wake waliwajua.

Sasa mjomba wako. Mimi siwezi kukwambia kama ni mfiadini, na mtu yeyote akikwambia kwa barua kwamba ndiye au siye, usimsikilize. Barua yako inaniambia aliuawa na nani kwa jumla na mwaka gani. Haisemi alikuwa wapi saa ile, waliomwua walitaka nini, kama aliwahi kutishwa, kama alipata nafasi ya kuondoka akaikataa, wala alisema nini. Hayo ndiyo jambo lenyewe. Ujue pia kwamba tangu mwaka 2017 ipo njia nyingine, ya waliotoa uhai wao kwa hiari kwa ajili ya wenzao, mathalani aliyebaki kuuguza wagonjwa wa kipindupindu akijua ataambukizwa. Njia hiyo inadai muujiza. Hata Mtakatifu Maximilian Kolbe, Mfransisko aliyejitolea kufa badala ya baba mwenye familia kule Auschwitz mwaka 1941, alitangazwa Mwenyeheri mwaka 1971 bila cheo cha mfiadini. Alikipata mwaka 1982 alipofanywa Mtakatifu. Kama watu wenye elimu walibishana miaka kumi na zaidi juu ya Kolbe, wewe na kaka yako mnaweza kubishana kidogo bila kuvunja undugu.

Kuhusu picha kanisani, hapana, msiweke. Tangu enzi za Papa Urbano VIII, karne ya 17, Kanisa linakataza heshima ya hadharani kwa mtu ambaye halijamtangaza. Hata picha yenye mng'ao kichwani haifai. Hili mlitunze sana, kwa sababu kesi ikifunguliwa wachunguzi watauliza kama watu walilitangulia Kanisa, na mkionekana mlifanya hivyo mtamchelewesha nyie wenyewe. Faraghani hali ni nyingine. Mama akikaa kitandani usiku akamwambia kaka yake, "Niombee," hakuna anayemkataza. Na endeleeni kumtolea Misa za marehemu. Kumwombea marehemu na kumwomba akuombee havigombani.

Ule mkanda utoeni kwenye nailoni leo hii. Nailoni inatunza unyevu, na kamba ya pamba huota ukungu. Uzungusheni kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa kwa maji matupu, uwekwe pakavu. Msiufue, msiukate vipande kugawia ndugu. Niliwahi kukutana na familia iliyofua kanzu ya marehemu wao ikang'aa, kwa upendo kabisa, kwa sababu mama mzazi hakuweza kuitazama damu. Sikuwa na neno la kuwalaumu. Ila alama zote ziliondoka na yale maji.

La haraka kuliko yote ni kumbukumbu. Lugha yetu ina jambo hapa: shahidi ni aliyekufa kwa ajili ya imani, na shahidi ni aliyeona. Hao wa pili wanazeeka. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1996 leo ni mzee. Ketini na kila mmoja peke yake, si kikundi, maana kikundi hutengeneza hadithi moja. Andikeni jina lake, umri, alikuwa nani kwa marehemu, aliona nini kwa macho yake na alisikia nini kwa wengine. Akikumbuka kwa Kibembe, andikeni Kibembe chake, tafsiri itakuja baadaye. Na andikeni hata mabaya: kama mjomba alikuwa na hasira, kama aligombana na mkuu wake. Wachunguzi huuliza hayo pia, na ushuhuda usio na doa hata moja huwatia shaka.

Hapo ndipo mwisho wa kazi ya barua. Mwenye mamlaka ya kufungua uchunguzi ni askofu wa jimbo alikouawa, kwa hiyo paroko wako akuandikie barua ya utambulisho, mwende kwake, na kwa mkuu wa Wafransisko wa kanda ile, ambao yumkini wana faili lake. Tegemeeni miaka mingi, gharama, na uwezekano wa kuambiwa ushahidi hautoshi. Na tafadhali sana, msitume majina ya mnaowashuku kwenye makundi ya WhatsApp. Waliohusika au watoto wao huenda bado wanaishi jirani na mashahidi wenu. Majina hayo yafike mikononi mwa askofu kwa bahasha, basi.

Kuhusu mama, machozi ya siku moja siyaogopi. Lakini kama tangu siku ile halali, hali vizuri, au anashtuka usiku kama vile vita viko mlangoni, mpeleke kituo cha afya akaonane na mtu anayejua mambo ya majeraha ya moyoni, na umwombe paroko amtembelee nyumbani. Asilazimishwe kusimulia kwa sababu tu sisi tunataka maandishi.

Kalamu mpe kaka yako. Nasema kweli. Mwenye mashaka ndiye atakayeuliza kila mara, "Mzee, hilo uliliona au uliambiwa?" Wewe ukae upande wa mama umshike mkono. Mwanzieni yeye, siku atakayoichagua mwenyewe, asubuhi kabla hajachoka, na mkanda wa kaka yake ukiwa mezani ndani ya kile kitambaa cheupe.